Viti vya Nyuma vya Shemeji Luhaga

Nilifungua mlango wa nyuma wa gari la shemeji Luhaga ili mama aingie, nikakuta hakuna viti.

Sisemi vilikuwa vichafu au vimechanika. Havikuwepo. Kulikuwa na bati tupu, nyaya zinaning'inia, na bolti zimechomoza kama meno ya ng'ombe mzee. Nikafunga mlango. Nikafungua tena, labda macho yangu ndiyo yana matatizo. Bati lilikuwa palepale.

"Shemeji," nikasema taratibu, "umeibiwa?"

Luhaga alikuja mbio kutoka upande wa pili, akachungulia, akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Yesu wangu! Nimesahau."

"Watu wanasahau mwavuli. Wewe umesahau viti vya gari?"

"Mihayo, usinianze. Siyo leo."

Lakini nisipomwanza mimi, nani amwanze? Luhaga amemuoa dada yangu Violeth, na kwetu shemeji ni mtani. Hata akiwa anazama nina haki ya kumuuliza kwanza kama maji ni ya baridi. Siku ile, hata hivyo, alikuwa na sababu ya kuniomba huruma. Violeth alikuwa hospitalini Bariadi mjini tangu alfajiri, mtoto wao wa kwanza amekaa vibaya, na madaktari wameamua apasuliwe. Dada yangu ni mtu ambaye nyoka anamkamata kwa mkia, ila akiona sindano anakimbilia uvunguni. Akagoma. Alisema haingii kwenye kile chumba mpaka amshike mama mkono kwanza. Luhaga akabembeleza, akapiga magoti, wapi! Ndipo akaingia kwenye gari na kuja Nkololo kumfuata mama mkwe wake.

Na alikuja kweli. Tulimsikia kabla hatujamwona. Ng'ombe wa jirani walikata kamba, kuku wakaingia chini ya ghala. Mama alidhani ni mashine ya kusaga imeanguka kutoka kwenye lori na bado inawaka.

Hapo sasa lazima nikueleze habari za gari hili.

Luhaga ana duka la mbegu na dawa za pamba mjini. Msimu uliopita ulipomkalia vizuri, badala ya kununua gari la kubebea mizigo kama mtu mwenye akili, aliagiza sedani ya michezo, nyeusi, inang'aa mpaka unaweza kujinyoa ndevu mbele ya mlango wake. Wiki ya kwanza tu akakutana kwenye lami na Januarius, yule kijana mwenye gari jeupe lenye mstari mwekundu, wakashindana kwenda Dutwa. Januarius alifika, akanywa soda, akarudisha chupa, ndipo Luhaga akatokea.

Tangu hapo usingizi ukamwisha. Akawa anatazama video kwenye simu za namna ya kuliongezea gari nguvu. Bei ya turbo kubwa ilipomtisha, akahamia kwenye video za wenzake wasio na hela. Fundi wake, Fredrick, alimbadilishia plagi na chujio la hewa, akampimia upepo wa matairi, akamwambia, "Inatosha, kaka. Hii sasa iko sawa." Mtu mwingine angeshukuru akaenda nyumbani. Luhaga akauliza, "Na uzito je?"

Basi wakaanza kupunguza uzito. Tairi la akiba likatoka, jeki ikafuata, zulia la sakafuni likang'olewa. Bomba la moshi likaondolewa ule mtungi wa kuzuia kelele. Springi zikakatwa ili gari lilale chini kama lile la kwenye video. Vioo vikawekwa tinti nyeusi, ambayo mpaka leo sijui inapunguza uzito gani. Haya yote nilikuwa nimeyasikia, nikacheka vya kutosha. La viti sikuwa nimelisikia. Kumbe viko kibandani kwa Fredrick, wateja wanavikalia wakisubiri magari yao.

"Kwa hiyo kiti kilichobaki ni hiki cha mbele," nikasema. "Pembeni yako."

Tukatazamana. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Kwetu mkwe hakai na mama mkwe wake bega kwa bega. Hamkazii macho, hali naye sahani moja, wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha. Luhaga ni mtu wa mjini, mtu wa tinti na video, lakini kwa hili ni Msukuma kamili. Mama naye kanisani anaimba kwaya, ila ukimwambia akae kiti kimoja na mume wa binti yake, heri umwambie acheze ngoma madhabahuni. Hiace ya asubuhi ilikuwa imeshapita, na pikipiki mama hapandi tangu imwangushe kwenye mto mkavu.

Mama akatoka ndani, kapu mkononi, kitenge kipya kiunoni. Luhaga akaruka pembeni, akachuchumaa kando ya ghala, macho chini.

"Mwangaluka, mayu," akasalimia kutoka kule.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu."

Salama gani sasa, na watu tumeungua? Mama akalifikia gari, akachungulia ndani. Akagonga bati kwa kidole, kama anayepima chungu sokoni.

"Mihayo," akasema, "muulize mkwe wangu, gari lake limechinjwa?"

Luhaga alikuwa hatua chache tu, anasikia kila neno, ila adabu ni adabu.

"Shemeji, mama anauliza kama gari limechinjwa."

"Mwambie nilikuwa naliongezea mbio."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie mbio za kumpeleka nani?"

Hilo sikulifikisha. Kuna ujumbe mwingine hata mjumbe anamwonea mtu huruma.

Simu yangu ikaita. Alikuwa nesi, akanipa dada. Violeth hakusema hata haloo. "Mama yuko wapi?" Sauti ilikuwa ndogo, sauti ya mtoto aliyefungiwa chumbani. Kisha nesi akarudi hewani na kusema kwa upole ambao ulinitia baridi kuliko kama angefoka: "Kaka, mtoto huku ndani ameanza kuchoka. Msichelewe."

Nilikuwa nimeweka spika. Luhaga akasimama, akakaa, akasimama tena. Mama akaweka kapu chini. Akaniambia nilete furushi la pamba tuliyochuma juzi. Tukalisukumia kwenye lile bati, likajaa vizuri kama godoro, mama akapanda nyuma, akakaa juu ya pamba na kapu lake mapajani. Mimi nikakaa mbele. Luhaga akawasha, kuku wakarudi chini ya ghala.

Nakwambia, ile ndiyo safari ya kwanza ya sedani ya michezo iliyopitwa na baiskeli. Springi fupi, watu watatu, barabara ya vumbi yenye mashimo. Kila tulipodunda, tumbo la gari lilikwaruza chini, na Luhaga akafumba macho kama anakwaruzwa yeye.

"Mwambie mkwe wangu afungue macho," mama akasema kutoka nyuma.

"Amesikia, mama."

Hatukufika mbali. Pale njia inaposhuka kwenye korongo, malori ya pamba yamechimba mifereji miwili ya magurudumu na kuacha tuta refu katikati. Gari la kawaida linapita juu. La kwetu lililokatwa miguu likapanda tuta kwa tumbo, likakaa. Magurudumu ya nyuma yakawa yanazunguka, vumbi linapanda, sisi tupo palepale.

Nikashuka nikasukuma. Nikasukuma mpaka nikaona nyota mchana. Luhaga akashuka tukasukuma wote, gari likayumba kidogo kama linataka, lakini hakukuwa na mtu wa kukanyaga mafuta.

"We ingia uendeshe!" akaniambia.

"Mimi najua pikipiki! Nitalitia korongoni!"

"Tafuta mtu!"

"Nimtafute wapi, kwenye hii mibuyu ya barabarani? Huoni tupo peke yetu?"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mama akashuka, akajipangusa pamba kwenye kitenge.

"Mihayo. Mwambie mkwe wangu nitashika usukani mimi."

Midomo yetu ikabaki wazi, mimi na Luhaga, vumbi likaingia tukalimeza. Ndiyo, mama aliwahi kuendesha trekta la marehemu baba, alilima nalo misimu na misimu wakati mimi bado nabebwa mgongoni. Lakini trekta! Na hii ni sedani nyeusi ya michezo ambayo Luhaga haruhusu hata mkewe aguse redio.

Luhaga akageukia shambani kwa adabu. "Mwambie... mwambie ni automatiki. Akanyage polepole. Polepole sana."

Mama akafungua mlango wa dereva. Hakuingia moja kwa moja. Alitoa kitenge cha akiba kwenye kapu, akakitandika juu ya kiti, akakilainisha pembe zote nne, ili asikalie joto la mkwe wake. Mtoto amechoka, gari limekwama, na mama yangu anatandika kiti! Halafu akaketi, akasogeza kiti mbele, akashika usukani kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika pembe za fahali.

"Haya," akasema. "Sukumeni."

Tukasukuma. Injini ikanguruma, kelele ya lile bomba lisilo na mtungi ikaingia masikioni ikatokea puani. Gari likatikisika, likakwaruza, likachomoka kwenye tuta. Mimi na Luhaga tukaanguka kifudifudi kwenye vumbi, tukiwa na furaha.

Tukanyanyua vichwa. Gari lilikuwa linapanda ng'ambo ya korongo.

"Anatafuta pa kusimama," Luhaga akasema.

Gari likafika juu. Halikusimama. Likapinda kona kwa namna ambayo hata kwenye zile video sijaiona, vumbi likafunga nyuma yake, kelele ikawa inapungua, inapungua.

"Shemeji," nikasema, "mama ameondoka na gari lako."

Luhaga alikuwa amepiga magoti katikati ya barabara, mikono imeinuka, kama mtu aliyekuwa anaaga na akasahau kuishusha. Na kitu kimoja tulikiona wote wawili bila kuambizana: gari lilikuwa linaruka. Tumbo halikwaruzi tena. Kumbe uzito uliobaki wa kutoa ulikuwa sisi.

Tulikimbia. Luhaga, mtu wa kitambi cha duka, alikimbia akilia. Si kwa ajili ya gari, nilimsikia vizuri, alikuwa anasema, "Violeth, Violeth, Mungu wangu, na mama yake ataanguka." Tulipopata pikipiki tukapanda wawili nyuma ya dereva, na kila kona Luhaga alikuwa anachungulia mitaroni akitafuta kitu cheusi kimelala miguu juu. Nami nilinyamaza. Jua kwamba mambo ni mazito ukiniona nimenyamaza.

Mitaroni hatukuona kitu. Tuliliona gari pale hospitalini, limeegeshwa mshazari, gurudumu moja kwenye bustani ya maua, bomba la moshi linaning'inia kwa waya, vumbi mpaka halina rangi. Mlango wa dereva wazi. Kitenge kwenye kiti kimekunjwa vizuri.

Tulikimbilia barazani. Hakukuwa na mtu wa kutuambia lolote. Luhaga aliegemea ukuta. Kila mlango ukifunguka anashtuka, anatoka mtu mwingine na ndoo, au mtu mwingine na karatasi. Nilitaka kumtania nikakosa pa kuanzia.

Kisha mama akatoka. Luhaga akarudi nyuma, akachuchumaa chini ya dirisha, macho sakafuni.

"Mihayo," mama akasema. "Mwambie mkwe wangu kwamba Violeth alinishika mkono mpaka mlangoni, akaingia. Mkewe mzima. Mtoto mzima. Wa kike, analia kama lile gari."

Sikuwa na haja ya kufikisha. Luhaga alikuwa ameshaficha uso magotini, mabega yanaruka.

"Na mwambie arudishe viti. Mjukuu wangu hakalii bati."

"Amesikia, mama. Lakini kwa nini hukutusubiri?"

"Niwasubiri nikwame tena? Wazito nyie."

Luhaga akajifuta machozi kwa mkono wa shati. Nikamwona anapigana na nafsi yake, na nafsi ikamshinda.

"Shemeji," akaninong'oneza, "muulize... alifika spidi ngapi?"

Nilitaka kumpiga. Lakini mama alikuwa ameshasikia.

"Mwambie sikuangalia. Nilichoona ni kijana mmoja wa miwani myeusi pale kwenye lami, na gari lake jeupe lenye mstari mwekundu. Nikapiga honi anipishe, hataki. Nikampita."

Luhaga aliyekuwa amechuchumaa akakaa chini kabisa, matako sakafuni, miguu mbele, kama mtoto anayesubiri uji. Simu yake ikaanza kuita. Akaitoa, akaitazama, akanionyesha jina kwenye kioo. Januarius. Akapokea, na sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata mama aliisikia.

"Luhaga! Kaka! Umelifanya nini lile gari?"

Luhaga akamtupia mama jicho la haraka, jicho ambalo mkwe hatakiwi kulitupa, kisha akarudisha macho chini.

"Nimepunguza uzito," akasema.