Pichi Chini ya Meza ya Bibi

Kati ya Ildo na binamu yake Seungdo kulikuwa na tofauti ya siku kumi na moja tu, na Ildo ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Kwa siku hizo alistahili kuitwa kaka. Lakini marehemu baba yake Seungdo alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi. Kwa hiyo kitabu cha ukoo, kilichowapangia hata ile "do" ya mwisho wa majina yao kabla babu zao hawajaota meno, kilimtambua Seungdo kuwa mkuu wa nyumba. Mkuu wa nyumba alikuwa na miaka kumi na sita na chunusi tatu puani.

Leo ulitimia mwaka mmoja tangu Bibi afariki, na mheshimiwa huyo ndiye angemtolea kikombe cha kwanza katika ibada ya kumkumbuka. Ildo alipewa cheo cha kushika birika la pombe ya mchele.

Angevumilia. Lakini Seungdo alikuwa akija kutoka Seoul mara mbili kwa mwaka, spika za masikioni zikining'inia shingoni, akikaa kama mtu anayesubiri basi. Ildo ndiye aliyeishi na Bibi. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, akamkata kucha za miguu, akamsugua magoti. Na miezi minne ya mwisho, kumbukumbu zilipomtoka, kila Ildo alipoinua kijiko Bibi alitabasamu na kusema, "Umekuja, Seungdo wangu."

"Mwitikie tu," Mama alimnong'oneza. "Usimvunje moyo."

Basi akaitikia. Miezi minne mizima Ildo aliitika "naam" kwa jina la mtu aliyekuwa Seoul akicheza michezo ya kompyuta.

Alasiri hiyo Babu Mdogo, ndugu yake marehemu Babu, alisimamia upangaji wa meza kama jemadari.

"Vyekundu mashariki, vyeupe magharibi! Seungdo, hilo ni pea au tufaha?"

"Pea, Babu."

"Basi ni jeupe, limepotea njia. Na kichwa cha samaki kielekee mashariki. Huko Seoul mnafundishwa nini?"

"Hesabu, Babu."

"Ndiyo maana hamjui mashariki iko wapi."

Ildo alicheka mpaka birika likatikisika. Ilikuwa raha kubwa, lakini fupi, kwa sababu papo hapo Babu Mdogo alimshika Seungdo bega kwa upole na kumwonyesha jinsi ya kusujudu: mkono wa kushoto juu ya wa kulia, si kama msibani. Ildo hakuwahi kushikwa bega hivyo. Aliyajua yote, na hakuna aliyemuuliza.

Wengine walipokwenda kubadili nguo, Ildo alitoa mfukoni pichi alilolichuma kwa jirani, bivu, lenye manyoya laini kama shavu la mtoto. Kila mtu katika ukoo huo alijua kwamba pichi hufukuza mizimu. Haliwekwi kwenye meza ya wafu, wala mti wake haupandwi uani. Akalisukuma chini ya meza, nyuma kabisa, karibu na kiambaza cha kukunja. Sasa mkuu wa nyumba na aite. Tuone nani atamwitikia.

Ibada ilianza saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa Seungdo alikuwa na treni ya saa tatu. Zamani mizimu ilialikwa usiku wa manane. Siku hizi nayo hufuata ratiba ya reli. Lango likafunguliwa wazi ili Bibi apite. Ubani ukawashwa mbele ya karatasi yenye jina lake. Ildo akamimina, Seungdo akapokea kikombe kwa mikono miwili, akakizungusha juu ya moshi. Babu Mdogo akasoma maombi kwa sauti ya pua. Kijiko kikasimamishwa katika bakuli la wali. Kisha wote wakatoka, mlango wa chumba ukafungwa, nao wakasimama kwenye sakafu ya mbao nje, vichwa chini, kwa muda wa kumeza matonge tisa. Ni muda wa marehemu kula bila kutazamwa.

Tonge la kwanza. Ildo akasubiri furaha yake ianze.

Tonge la tatu. Akamkumbuka Bibi kibarazani kwa jirani, maji ya pichi yakimtiririka mpaka kiwikoni, fizi zake tupu zikifanya kazi. "Acha nile ya kutosha," alisema. "Nikishakufa sitaweza hata kulikaribia."

Tonge la tano. Akageuza jicho kuelekea langoni. Hapakuwa na mtu. Lakini kama angekuwapo, angesimama pale pale nje ya kizingiti, na fimbo yake na magoti yale mabovu, akishangaa kwa nini nyumba aliyoifagia miaka hamsini haimruhusu kuingia. Asingejua kwamba ni ugomvi wa wajukuu. Angedhani wamemsahau.

"Babu," Ildo akasema.

"Nyamaza. Anakula."

"Hali. Hajaingia. Nimeweka pichi chini ya meza."

Baba yake alifumba macho. Babu Mdogo alifungua mlango bila hata kukohoa mara tatu kama ipasavyo, akapiga magoti, akachungulia.

"Pichi!" alinguruma. "Tumemfungia mlango mwenye nyumba!"

"Kwa nini, Ildo?" Seungdo aliuliza. Hakuwa na hasira, na hilo liliudhi zaidi.

"Kwa sababu alikuwa ananiita wewe."

Mama alianza kulia taratibu. Seungdo alitazama mikono yake iliyokuwa imetoa kikombe cha kwanza, kisha akamgeukia Babu Mdogo. "Babu, yeye ndiye anayestahili. Ashike kikombe."

"Haiwezekani. Kitabu ni kitabu. Tunaanza upya, na wewe ndiye utakayemwita." Akamtupia Ildo pichi. "Na wewe, toka na hicho kitu!"

Ildo akatoka. Alifika langoni ndipo alipogundua kwamba bado amelishika, na kwamba amesimama katikati ya njia ya Bibi. Akakimbia barabarani mpaka kwenye kijito, akalirusha ng'ambo kwa nguvu zake zote, akanawa mikono mara tatu, akainusa, akanawa tena.

Aliporudi, ubani mpya ulikuwa ukifuka ndani, na sauti ya Seungdo ilisikika ikijikwaa kwenye maneno ambayo Ildo aliyajua kwa moyo. Wivu ulikuwa bado upo, mzima kabisa, mgumu kama kokwa.

Akasogea pembeni ya lango, akainama, mkono wa kushoto juu ya wa kulia.

"Naam, Bibi," akasema polepole. "Ni mimi, Seungdo. Pita, wali unapoa."