A na An, Nyuma ya Ukuta

Mwalimu Semisi alikuwa mtu mgumu, na ugumu wake wote aliumalizia kwenye vijineno viwili vya Kiingereza, a na an. Alifundisha miaka thelathini na minne hapa kisiwani Vava'u, na mpaka leo wapo watu wazima kijijini, wenye wajukuu, wanaoshtuka wakisikia mtu kasema "a egg". Wengine tukisema yai, yamekwisha, yai limeeleweka. Mwingereza hatosheki. Lazima yai litanguliwe na kijineno chake, tena kilekile kinachostahili, na Semisi alikuwa mkali kuliko Mwingereza mwenyewe.

Kwa hiyo dada yake Kalolaine alipotaka kufanya mtihani wa Kiingereza ili ahamie Auckland kwa bintiye Lesieli, hakukuwa na wa kumfundisha ila yeye. Taabu ni kwamba kaka na dada hawakai chumba kimoja. Semisi alipobalehe alihamishiwa kibanda cha wavulana, na tokea hapo, miaka arobaini na tano, hawakuwahi kuketi pamoja, wala kutaniana, wala kutazama televisheni moja. Hawakuwa wamegombana. Hiyo ndiyo heshima, na anayeivunja huitwa mshenzi hadi kaburini.

Wakapata njia. Kila Jumanne na Alhamisi alasiri, Semisi alikaa barazani kwake, mgongo ukiegemea ukuta wa mbao. Kalolaine alikaa ndani na wifi yake Losana, mke wa Semisi, akisuka mkeka wa majani ya mkadi na kujibu kupitia ukutani.

"Umenunua nini sokoni, dada? Kwa Kiingereza."

"A egg."

"An, dada. An egg."

"Na likiwa viza je? Linabaki na an yake, au unalinyang'anya?"

Losana aliangua kicheko. Semisi alijikaza, maana kaka hacheki na dada, mwisho akacheka kimyakimya huku mabega yakimtikisika. Hakujua kama dada yake ni mcheshi. Angejulia wapi? Somo la nusu saa likawa la saa nzima, kisha la saa mbili, na katikati ya a na an wakaanza kuzungumza habari za marehemu baba yao, za mbwa waliyekuwa naye utotoni, za kila kitu.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo kijiji kizima kililijua isipokuwa Semisi. Kalolaine alikuwa na uvimbe kwenye titi. Lesieli alikwisha kumtafutia daktari Auckland, kilichobaki ni mtihani tu. Lakini mwili wa dada hautajwi mbele ya kaka. Humtajii ujauzito wake, huaniki nguo zake za ndani mahali atakapopita, na titi ndilo usithubutu kabisa. Mchungaji hakusema. Muuguzi hakusema. Losana, aliyelala naye kitanda kimoja, naye akafyata ulimi.

Mwezi wa tano zikaja fomu za mtihani wa Juni, zikitaka sahihi ya mwalimu. Alasiri hiyo Kalolaine alikosea mara nne.

"Mtilie sahihi, baba," Losana alimwambia mumewe akimwandalia majimbi. "Mwache aende."

"Aende akaaibike? Mwanafunzi wangu, tena dada yangu, akaseme a umbrella mbele za watu? Atafanya wa Septemba."

"Septemba mbali, Semisi."

"Mbali kwa nani?"

Losana akachukua sahani zake akaenda zake.

Semisi alimweleza dada yake kwa kumwomba radhi, kwani dada ndiye mwenye cheo.

"Wewe ndiye mwalimu," Kalolaine akasema. "Septemba si mbali."

Julai akaacha kuja. Ana mafua, Losana alisema. Mwanzoni mwa Agosti akafariki.

Kwenye msiba wa dada, kaka ni mtumishi. Semisi alijifunga vazi la msiba, mkeka mkuukuu uliochanika, ukampanda mpaka masikioni, akaenda nyuma ya nyumba kwenye mashimo ya kupikia kwa mawe ya moto. Uso wa dada yake hakuuona. Huko ndiko alikosikia habari ya titi, kwa mpishi mmoja aliyesahau nani yuko nyuma yake. Semisi akakaa chini kwenye majivu. Mei, Juni, Julai. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Hapo ndipo Lesieli alipomkuta, ametoka uwanja wa ndege na bado kavaa koti lake. Semisi hakuinua kichwa, maana mtoto wa dada ni mkubwa kwa mjomba wake, na akitaka ana haki ya kumtimua.

"Mimi ndiye niliyemzuia mama yako," alisema. "Alikuwa anakosea, nikamzuia. Sikujua, mwanangu. Haki ya Mungu sikujua."

Pengine Lesieli alitaka kunyamaza. Pengine ingekuwa afadhali angenyamaza.

"Mjomba, mama hakuwa anakosea. Aliniandikia wakati wa Pasaka, kurasa tatu za Kiingereza. Sikuona a wala an ya kusahihisha. Nikampigia simu nikamfokea, unangoja nini, mama? Akacheka. Akaniambia, 'Niache kidogo. Nikishajua, kaka yangu atazungumza nami kwa sababu gani?'"

Semisi alisikia watu wakimwita, kwamba mawe yamepata moto na nguruwe bado hajafukiwa. Hakuinuka. Alilia kwa sauti mbele ya mpwa wake, mkeka umemwanguka mabegani, bila kuona haya. Alasiri zile zilikuwa ndizo furaha kubwa aliyopata uzeeni, na sasa alijua nani alizilipia. Angeweza, angezirudisha zote, moja baada ya moja, ili Kalolaine awe hai Auckland, na wasisemeshane tena mpaka kufa kwao.