Valencia Aliyoonyeshwa Victorine

Victorine aliporudi kutoka hija, watu hawakumsubiri kwake bali kwa Célestine. Célestine ndiye aliyeamua hivyo, tena mapema, kwa sababu hija ile ilikuwa imepita Valencia, na Valencia ndiko alikokuwa mtoto wake Chris. Mwenye mtoto ndiye mwenye habari, alisema, na habari hupokelewa penye chakula. Jumapili ile ya Februari 2018, fleti yake ya Yeoville, mtaa wa wahamiaji kusini kabisa mwa Afrika, ilinukia sombe, kisamvu cha kwao, tangu asubuhi, na majirani wa korido nzima walijua kuna ugeni kabla ya kualikwa.

Célestine alikuwa mjane wa Bukavu, muuza samaki wakavu na unga wa muhogo katika soko la Yeoville, mwenye mdomo usiojua likizo. Wenzake sokoni walimwita Mama Ulaya tangu Chris aende Hispania kusomea kazi za hoteli. Alijifanya halitaki jina hilo, lakini aliyelisahau alikumbushwa. Miaka ilikuwa imepita minne. Masomo yaliisha, Chris akasema amepata kazi hotelini, akawa anatuma picha: bahari, maua, majengo meupe yaliyosimama ndani ya maji. Sasa ilikuwa zamu ya Falonne, kitinda mimba. Viza ilikuwa imeshagongwa, tiketi ilikuwa ya Jumamosi inayofuata, na kiti chake cha kusukia saluni alikuwa amemwachia msichana mwingine. Angefikia kwa kaka yake, angeanza shule ya lugha, na mengine yangejipanga yenyewe.

Hayo ya kujipanga yenyewe ndiyo yaliyomnyima Célestine usingizi. Katika picha zote hizo, Chris hakuwahi kutuma hata moja ya chumba anacholala. Akiulizwa, taa imeungua. Akiulizwa tena, simu inaisha chaji. Mama hakutaka kumhukumu mtoto kwa picha ambayo hakuipiga, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye alitaka mtu wa kuaminika aende akaone kwa macho. Kwa hiyo parokia ilipopanga hija ya Lourdes na Fatima, na kupita Valencia kuona kikombe kinachosemwa kuwa ni cha Karamu ya Mwisho, alimshika Victorine mkono mlangoni mwa kanisa. Akampa mfuko wa ndagala, dagaa wa kwao, waliokaangwa kwa pilipili, na swali moja tu: Chris anaishi vizuri? Jibu la swali hilo ndilo lingempandisha Falonne ndege au kumshusha.

Alimchagua Victorine kwa sababu Victorine hasemi uongo, hata ule mdogo wa kumpendeza mtu. Alikuwa muuguzi, mwanamke wa polepole. Ukimwonyesha kitenge kibaya anakwambia ni kibaya, halafu anakushika mkono mwende dukani kukibadilisha.

Watu walikula kwanza. Octave, fundi cherehani na kiongozi wa kwaya, alikula kuliko wengine na kuzungumza kuliko wengine. Octave hajawahi kukanyaga Ulaya, lakini hakuna habari ya Ulaya ambayo hakuisahihisha. Aliposikia kwamba watu wa Valencia wana wali wao wa sungura na maharage, unaoliwa mchana wa Jumapili katika sufuria pana, alitangaza kwamba huo ni pilau iliyopotea njia. Watu wakacheka, Victorine naye akacheka, lakini Célestine aliona kwamba mgeni wake anacheka akiitazama sahani.

Sahani zilipoondolewa, Victorine akaombwa aeleze. Alisema wenzake wa hija walizungushwa na basi la kampuni, yeye alizungushwa na Chris kwa miguu. Kijana alimwambia, kama mtu anavyomwambia shangazi yake: tantine, usisikilize vitabu vya watalii, mimi nitakuonyesha mji wenyewe. Na kweli alimwonyesha. Zamani mto wa Valencia ulifurika ukaua watu. Wenyeji wakauhamishia nje ya mji, na mahali ulipopita wakapanda bustani ndefu inayoukata mji mzima. Chris anaijua bustani hiyo benchi kwa benchi. Anajua bomba lenye maji matamu, anajua jua la asubuhi linaanzia wapi. Kuna daraja moja, Victorine alisema, ambalo hata mvua ikinyesha, chini yake hapalowi hata kidogo.

Octave akawasifu Wahispania kwa kujenga madaraja. Falonne, aliyekaa sakafuni karibu na miguu ya mama yake, aliuliza kama kuna maduka karibu na hapo. Célestine aliweka kikombe chake chini bila kukinywa, na wanaomfahamu Célestine wangepaswa kushtuka hapohapo.

Victorine akaendelea. Alhamisi mchana alipelekwa kwenye mlango wa kanisa kuu. Wazee waliovaa majoho meusi huketi pale kwenye viti vilivyopangwa duara na kuamua kesi za wakulima wanaogombea maji ya mifereji, na mtu yeyote anaruhusiwa kusimama akasikiliza bila kiingilio. Siku hiyo hakukuwa na kesi, wazee wakaketi, wakaita, wakaondoka. Alipelekwa maktaba moja kubwa iliyokuwa hospitali zamani, yenye nguzo za mawe na joto zuri. Chris alisema ni pahali pazuri kuliko pote mjini, na mlinzi wa pale alimsalimu kwa jina. Alionyeshwa yale majengo meupe ya kwenye picha, kwa nje, maana kwa nje ndiko yanakopendeza, Chris alisema. Alionyeshwa michungwa ya barabarani iliyojaa matunda, na akaonywa asichume, kwa sababu ni machungu mno na yanasokota tumbo.

"Amejuaje kama yanasokota tumbo?" Célestine aliuliza.

Lilikuwa swali lake la kwanza. Victorine alisema hajui, labda aliambiwa. Octave akasema kila mtu anajua machungwa ya mapambo hayaliwi, na stori ikaendelea.

Wageni walitaka kusikia vyakula. Victorine alisema kuna kinywaji cheupe, kitamu, kinachotengenezwa kwa ndago, naam, ndago hiihii, gugu linaloua mashamba yetu. Wahispania wameilima wakaipatia heshima. Yeye alinunua viwili, chake na cha Chris, akaishia kununua vinne, kwa kuwa Chris alikipenda sana. Wali wa sungura hawakuula. Walikula kwa masista, dengu na mkate, katika ukumbi wenye meza ndefu, na masista wote walimjua Chris. Hapo ukumbi wa Célestine ulipata furaha ya kweli. Mama mmoja wa kwaya alimshukuru Mungu kwa kijana aliyefika Ulaya na bado anakula na watawa, wakati vijana wengine huko hawajui hata mlango wa kanisa uko upande gani. Na ndagala? Victorine alisema Chris aliwafungua palepale kwenye benchi akawala kwa mkono hadi mfuko ukaisha. Watu wakacheka kwa upendo, wakasema kiu ya chakula cha nyumbani haina dawa.

"Na soko?" aliuliza Octave. "Mji ni soko."

Victorine alikunywa maji kwanza. Akasema soko la Valencia ni zuri kupita maelezo, lina paa la vioo vya rangi kama kanisa, lina samaki wa kila aina. Vitabu vinasema watu waende asubuhi. Lakini Chris alimwambia saa nzuri ni alasiri, wauzaji wanapoanza kufunga.

Octave alitaka kusahihisha, kwa sababu hata yeye alijua kwamba soko ni asubuhi. Célestine alikuwa ameshasimama. Kila siku ya Mungu alifunga meza yake mwenyewe sokoni, na watu wanaokuja saa ya kufunga aliwajua kwa sura. Hawaji kununua. Wanasimama kando na mikono nyuma, hawaombi, wanangoja uinue boksi la vilivyovunjika uangalie huku na huku. Yeye huwapa, kisha hujitia kupanga mifuko ili wasilazimike kushukuru. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mmoja wao akafikiri kwamba ana mama mahali fulani.

Alikusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai, akaenda jikoni. Victorine alimfuata bila kuitwa.

"Victorine, analala wapi?"

"Yaya, dada yangu, aliniapisha," Victorine alisema kwa sauti ndogo. "Aliniapisha mbele ya kile kikombe. Alisema nieleze niliyoyaona na niliyoyala, basi. Nimeeleza yote, sikuruka kitu. Nilikuwa naomba usikie."

Célestine alimwambia amesikia. Hakumlaumu. Kitu kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amesikia mbele ya watu ishirini waliokuwa wakifurahi, na kwamba mwezi mmoja uliopita naye angefurahi pamoja nao. Akajifuta mikono, akamwita Falonne chumbani, akafunga mlango, akampigia Chris na kuweka simu kwenye spika.

Chris alipokea upesi. Nyuma yake kulikuwa na magari na upepo. Akauliza kama tantine amefika salama, na kama ameupenda mji.

"Ameupenda," alisema mama yake. "Ametuelezea wote. Ni mji muzuri."

"Ni muzuri, mama."

"Falonne hatakuja."

Falonne aligeuka kumtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Lakini kwenye simu hakukuwa na swali wala ubishi. Kulikuwa na pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na Falonne aliisikia pumzi ile vizuri.

"Ni tantine amekuambia?" Chris aliuliza.

"Tantine ameshika kiapo chake. Hakuna mutu ameniambia."

"Mama, mimi niliomba ile viza ya Falonne wamukatalie. Kila usiku niliomba. Aliniuliza kama niko na nafasi, ningemujibu nini? Nikisema hapana, mungeuliza sababu." Akakohoa. "Hoteli ilifunga. Makaratasi yaliisha. Nilifikiri ni ya mwezi moja tu."

Falonne alianza kulia. Alilia kwanza kwa ajili ya safari yake na kile kiti cha saluni ambacho hakikuwa chake tena, na hilo si dhambi, msichana wa miaka ishirini na mbili ana haki ya kuililia safari. Kisha aliwaza juu ya lile daraja lililosifiwa, akalia kwa ajili ya kaka yake, na kilio hiki hakikuwa na sauti.

Célestine alimwambia Chris arudi nyumbani. Chris akasema hawezi. Mtu hatoki Ulaya mikono mitupu, alisema. Mwenye kwenda miaka minne anarudi na kitu, au harudi. Angeingiaje kanisani? Mama angesema nini sokoni? Bora abaki mpaka mambo yakae sawa, na mama awaambie watu kwamba Falonne ameahirisha kwa sababu ya shule. Alikuwa ameshapanga uongo wote, tayari kwa kutumiwa, na aliuongea haraka kama mtu aliyeukariri.

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Haya ilimshika, hakuwa malaika. Alikuwa amelipenda lile jina la sokoni kuliko alivyokubali kukiri, na alijua kesho nani atacheka na nani atakuja kumpa pole ili apate kuchungulia. Kwa muda mfupi uongo wa Chris ulionekana mzuri, wenye mikono na miguu. Lakini mficha uchi hazai. Mtoto huyu alikuwa analala nje kwenye baridi kwa sababu ya maneno ya watu waliokaa ukumbini kwake, wameshiba sombe lake, wanamngoja arudi waimbe wimbo wa kufunga.

Aliishika simu ikiwa wazi hivyohivyo, akafungua mlango, akaenda akasimama katikati ya ukumbi. Octave alikuwa ameinua mkono kuianzisha kwaya. Aliushusha.

"Chris yuko hapa kwenye simu, anatusikia," Célestine alisema. "Nataka niwaambie kitu, naye asikie nikiwaambia. Kazi alipoteza. Nyumba hana. Analala chini ya lile daraja mulilosifia, na kwa masista anaenda kwa sababu ya njaa. Falonne hasafiri. Chris anarudi nyumbani, na atafika bila kitu."

Mama wa kwaya alifunika uso kwa kitenge. Victorine, aliyebeba siri ile kutoka Hispania, aliketi chini palepale mlangoni pa jikoni na kulia kwa sauti.

Célestine aliisogeza simu mdomoni.

"Umesikia, Chris? Wote wamejua sasa. Hakuna mutu amebaki wa kumuficha." Akaishika simu kwa mikono miwili. "Basi rudi."

Kwenye simu magari yalipita, mengi. Watu wote ukumbini waliinama kidogo kuelekea mkono wake, wakingoja.

"Nitarudi, mama," Chris alisema.