Faili la Cherehani

Dawati la tatu upande wa dirisha lilikuwa na wasichana wawili, na Mwalimu wa darasa la tatu alikwishawapa majina yao ya kazi. Mmoja alimwita Cherehani, maana mdomo wake ulikwenda mfululizo tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho. Wa pili alimwita Katibu. Huyu alikuwa na mwandiko wa kutamanisha, herufi zimesimama wima, mistari imenyooka kana kwamba imepigwa rula. Wageni wakija shuleni, daftari la Katibu ndilo lililotolewa. La Cherehani lilifichwa.

Kufikia katikati ya muhula, Mwalimu alichoka. Akamwendea Mkuu wa shule kuomba fomu ya kumpeleka Cherehani kitengo cha elimu maalumu.

"Ana tatizo gani?" Mkuu akauliza.

"Hatulii. Nikifundisha anaongea, nikinyamaza anaongea. Yule ana kasoro mahali."

Mkuu akavuta droo, akatoa fomu ya kurasa sita. Ukurasa wa pili ulimtaka mwalimu aeleze hatua alizochukua darasani kumsaidia mtoto, wiki kwa wiki, kwa wiki zisizopungua sita.

"Kwa hiyo ili nisaidiwe, kwanza nionyeshe nimejisaidia?"

"Ndivyo wanavyotaka huko ofisini. Mimi ni wa kugonga muhuri tu."

Mwalimu hakuwa mtu wa kulipua kazi. Alinunua daftari jipya, akaandika tarehe, akaanza. Wiki ya kwanza: *Nimemwonya kwa upole. Anaongea, hasa wakati wa kusoma, akimwinamia mwenzake.* Wiki ya pili alimwita mama wa mtoto, mfagizi wa hospitali, ambaye alikuja na sare yake ya kazi akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfika kifuani.

"Nyumbani nako yuko hivihivi?" Mwalimu akamuuliza.

"Nyumbani anasoma, Mwalimu. Anasoma kila kitu, hata karatasi ya sabuni. Mimi maandishi madogo yananishinda, kwa hiyo yeye ndiye macho yangu."

"Lakini kwa sauti?"

"Ndiyo, kwa sauti."

Mwalimu akaandika: *Mzazi amekiri kuwa tatizo lipo hata nyumbani.* Akamshauri mama amzoeze mtoto kunyamaza.

Wiki ya tatu aliwatenganisha. Cherehani akapelekwa nyuma kabisa, peke yake, karibu na kabati. Darasa likatulia tuli. *Mafanikio makubwa,* Mwalimu akaandika, akapigia mstari. Wiki hiyohiyo Katibu alianza kuumwa tumbo. Kila kipindi cha kusoma aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu alimwonea huruma. Mtoto wa watu, kelele za miezi yote zilikuwa zimemchosha.

Lakini utulivu haukudumu. Wiki ya nne: *Sasa anachezesha midomo bila sauti, akimtazama Katibu kutoka nyuma.* Wiki ya tano: *Amenyanyuka bila ruhusa mara kumi na moja, kila mara kuelekea dawati la tatu.* Wiki ya sita ilijaza kurasa mbili.

Mtaalamu kutoka kitengoni alifika wiki ya nane. Alikuwa mwanamke mfupi, mzito wa maneno, mwenye mkoba uliojaa kadi. Wakati wa mapumziko alilisoma daftari lote la Mwalimu, akarudi mwanzo, akalisoma tena.

"Naomba uwarudishe pamoja," akasema. "Kipindi kimoja tu."

Mwalimu aliwarudisha, na kwa kuwa alitaka mgeni aone pia upande mzuri wa darasa lake, alimwinua Katibu asome aya iliyokuwa ubaoni. Katibu akasimama. Cherehani akaegemeza shavu kiganjani, midomo ikaanza kazi. Katibu akasoma vizuri, bila kukwama, nyuma ya mwenzake kwa neno moja.

Mtaalamu alisubiri watoto watoke kwenda kucheza, akambakiza Katibu, akachuchumaa kando yake. Akaweka kidole kwenye daftari lile la kuonyeshwa wageni.

"Neno hili umeliandika vizuri sana, mwanangu. Linasemaje?"

Katibu akazifuata herufi zake kwa kidole.

"Sijui," akanong'ona. "Naweza kulichora tu."

Mwalimu, aliyekuwa amesimama ubaoni na kifutio mkononi, alikiweka chini. Alimwita Cherehani. Akamuuliza amekuwa akimsomea mwenzake tangu lini.

"Tangu darasa la kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniomba nisiseme. Alisema wewe unampenda."

Wakiwa wawili ofisini, Mtaalamu alimrudishia daftari. "Miaka yangu yote sijaona kumbukumbu zilizokamilika kama hizi. Kila kitu kimo. Ulichokosea ni jina la mtoto."

Jioni Mwalimu alikwenda hospitalini, akamkuta mama wa Cherehani anakamua dekio. Alimweleza yote na kumwomba radhi. Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Mimi nilimnyamazisha kama ulivyosema," akajibu. "Sasa hata barua za dada yangu nampelekea jirani anisomee. Mwambie wewe, Mwalimu. Mimi hatanisikia."

Kesho yake Mwalimu alimwambia Cherehani, mbele ya darasa zima, kwamba ana ruhusa ya kuongea kipindi cha kusoma. Cherehani akafikiri, akauliza, "Na hesabu?"

Fomu ya Katibu ilianza upya, wiki sita nyingine. Penye *Jina na cheo cha aliyetoa msaada*, Mwalimu aliandika jina la Cherehani, na cheo: mwanafunzi. Ofisi ikairudisha, cheo hicho hakikuwamo kwenye orodha yao. Mkuu akamsihi aandike jina lake mwenyewe ili mtoto asizidi kucheleweshwa, naye akaandika huku uso ukiwaka kwa aibu.

Katibu alipata nafasi kitengoni, asubuhi tatu kwa wiki. Baada ya miezi kadhaa alisoma sentensi nzima peke yake, kidole kikitambaa chini ya maneno. Mwandiko wake uliharibika kidogo.

Kisha ofisi ikaleta barua ya pongezi kwa Mwalimu, kwa jicho lake kali la kutambua mapema watoto wenye mahitaji. Mkuu aliisoma mstarini, shule ikapiga makofi. Mwalimu aliikunja, akaitia mkobani.

Mwaka uliofuata alipokea watoto hamsini na wawili. Kabla ya kufundisha chochote, alimwita kila mmoja mezani kwake, peke yake, amsomee kwa sauti. Zoezi likachukua karibu mwezi. Barua ya pili kutoka ofisini ilikuwa fupi: aeleze kwa maandishi kwa nini yuko nyuma ya mtaala.