Jina la Siku ya Tetemeko

Tetemeko lilipoanza, saa mbili kasoro asubuhi, Yang Mihyang alikuwa akimlisha uji Bibi Ko katika nyumba ya kutunzia wazee, mtaa wa Ikuno, Osaka. Kabati liliruka, bakuli likamwagika, wazee wakapiga mayowe. Bibi Ko peke yake, na miaka yake tisini na miwili, alishika ukingo wa kitanda akasubiri liishe.

"Umeumia, bibi?"

"Niumie nini? Mjapani akiona tetemeko anaikimbia nyumba. Sisi Wakorea tunamkimbia jirani." Akacheka, ufizi mtupu. "Haya, kamtafute mwanao. Uji wenyewe umeshamwagika."

Kila Mkorea wa Ikuno anajua utani huo unakotoka. Mwaka 1923, Tokyo ilipotikisika ikaungua, ulizuka uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani, na watu wakawaua kwa maelfu. Visima vimefukiwa zamani. Uvumi haukufukiwa, siku hizi unapita kwenye simu. Wanaosema wakati ni dawa hawakuzaliwa Ikuno.

Mihyang alikuwa mgonjwa, ingawa hakuwa na kidonda cha kumwonyesha mtu. Miaka mitano nyuma, watu wenye vipaza sauti walipita mtaani wakiwaita Wakorea mende na kuwataka warudi kwao. Kwao wapi? Yeye alizaliwa Osaka, na mama yake vilevile. Alisimama na mfuko wake wa vitunguu mpaka wakaisha kupita, na tangu siku hiyo usingizi ukamhama. Dukani alitafuta ukuta wa kuegemea ili asije mtu nyuma yake. Akawa msahaulifu, akiunguza masufuria kama bibi harusi. Daktari alimweleza kwa upole kwamba ndani ya ubongo kuna sehemu inayotulinda na hatari, na kwa mtu anayedharauliwa asili yake mwaka nenda mwaka rudi, sehemu hiyo hailali. Inakula usingizi, inakula kumbukumbu, mwisho inaula na moyo.

"Itatulia lini?"

"Ukikaa mahali unapojiona salama."

"Wapi huko, daktari?"

Daktari akaandika vidonge.

Basi Mihyang akaapa kwamba ugonjwa ule utaishia kwake. Yeye alikuwa amekua na majina mawili kama wenzake wengi, Yang Mihyang nyumbani na Yanagawa Mika, jina la Kijapani la kujificha, mbele ya Wajapani. Binti yake Sora, mwenye miaka minane, aliandikishwa shuleni kwa jina moja tu, Yang. Na mbele ya mtoto Mihyang hakulia hata siku moja. Alicheka hata pale ambapo taya zilikataa.

Sasa alikimbia, roho mkononi. Simu hazikushika. Getini shuleni, mwalimu alimwambia kwamba kundi la kina Sora lilikuwa bado njiani ardhi ilipotikisika, na watoto waliokutwa njiani walikuwa wamepelekwa kwenye kumbi mbili za michezo zilizo karibu.

Kwenye ukumbi wa kwanza, mzee wa kujitolea aliyeitwa Nishio alikaa mezani na kofia yake ngumu, orodha mbele yake, foleni ndefu. Miaka mingi Mihyang hakuwa amelitamka jina la ukoo wake mbele ya Wajapani wasiomjua.

"Namtafuta Yang Sora. Ana miaka minane."

"Nani, mama?"

"Yang."

Nyuma yake mtu aliacha kuongea. Huenda alikuwa amemaliza tu maneno yake, lakini kichwa cha Mihyang hakikumpa nafasi ya kuwaza hivyo. Jasho likamtoka mgongoni. Mzee Nishio akapitisha kidole kwenye karatasi, taratibu, mstari kwa mstari.

"Yang hayupo. Jaribu ukumbi wa pili, mama."

Huko pia hakuwepo. Mlangoni vijana wawili waliinamia simu moja.

"Cheki. Eti Wakorea washaanza kuvunja maduka."

"Leo wamewahi!" mwenzake akasema, wakaangua kicheko.

Mihyang akatoka. Alichungulia chini ya kila ukuta ulioanguka, akaita kila uchochoro. Lakini kadiri saa zilivyokwenda hakuwa akiogopa kuta tena. Aliogopa watu. Nani amemuuliza mtoto jina lake, na mtoto akajibu kama alivyofundishwa? Mimi ndiye niliyempa jina hilo, alijisemea. Mimi na kiburi changu. Alimchukia yule mwanamke aliyejaza fomu ya shule kwa mkono usiotetemeka.

Alirudi ukumbi wa kwanza kwa sababu hapakuwa na pengine. Hakusimama mezani, alipita moja kwa moja ndani. Sora alikuwa amekaa juu ya turubai la buluu, akila tonge la wali.

Mihyang alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Mzee Nishio akaja, akicheka kwa furaha ya kweli.

"Kumbe ndiye huyu! Yupo tangu saa mbili na nusu. Si ungesema Yanagawa, mama?"

Mzee alipoondoka, Mihyang alimtazama binti yake. Jina hilo Sora hakuwahi kuitwa hata siku moja, alilisikia tu mama yake akijiita.

"Nani alikwambia useme Yanagawa?"

"Omma, punguza sauti." Neno hilo la Kikorea, mama, mtoto alilitamka chini chini.

"Nakuuliza, nani?"

"Hakuna. Ardhi ilivyotikisika nikajua leo siyo siku ya kusema Yang." Mtoto alinong'ona, bila woga, kama anayesoma jedwali la kuzidisha. "We mwenyewe tukiwa nje huwa unaangalia watu kwanza, ndio uniite."

Miaka yote ile Mihyang alikuwa amechunga machozi, hakujua kwamba mtoto anasoma macho.

"Nimefanya vizuri, Omma?"

Alitaka kusema hapana. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Ukumbi ulikuwa umejaa watu, na karibu kila mmoja ameinamia simu yake.

"Umefanya vizuri," akamwambia, kwa sauti ya chini.