Mgongo wa Nahodha

Kwa miaka thelathini na moja nimeizunguka nusu ya Ufaransa kwa baiskeli, na ukiniuliza nchi hiyo inafananaje, nitakueleza makalio ya mume wangu. Nayajua kuliko daktari wake. Niliyaona yakiwa membamba, nikayaona yakinenepa mwaka ule alioacha sigara, na nimeyaona ndani ya kaptura za kubana za kila rangi ambayo chama chetu kiliwahi kuikubali baada ya mikutano mitatu. Makanisa, mashamba ya alizeti, madaraja ya kale, vyote nimevichungulia pembeni, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu aliyekalishwa harusini nyuma ya mwanamke mwenye kofia kubwa.

Mume wangu, Aimé Courtadon, ndiye nahodha wa barabara wa chama cha baiskeli cha Villegrain. Msidhani ni cheo cha kuchezea. Katika safari zetu hatushindani. Tunaondoka pamoja, tunakula pamoja, tunafika pamoja, na mwendo ni mmoja tu kutwa nzima, kilomita ishirini na mbili na nusu kwa saa. Anayeushika mwendo huo ni nahodha, na hakuna ruhusa ya kumpita. Ukimpita hata kwa upana wa tairi anakupulizia filimbi, ukirudia unarudi kwenu kwa treni. Kwetu sisi kuwahi ni aibu sawasawa na kuchelewa. Nimeona watu arobaini wazima, wenye wajukuu na pensheni, wamesimama mvuani nje ya mgahawa kwa sababu upepo wa nyuma ulikuwa umetufikisha mapema.

Mke wa nahodha hukaa nyuma ya nahodha. Jambo hilo halikuandikwa popote, ndiyo maana haliwezi kufutwa.

Mwaka huu nilitimiza miaka sabini. Aimé akaniuliza nataka zawadi gani.

"Nataka filimbi," nikamwambia.

"Filimbi ya nini?"

"Yako. Kwenye safari ya Juni. Sisemi kutwa nzima. Kutoka kituo cha mwisho mpaka uwanjani kwetu, basi. Nataka kuongoza. Nataka niione barabara, Aimé, mara moja tu, kabla macho hayajaniharibikia."

Aliweka uma mezani. Alinitazama kana kwamba nimemwomba figo yake moja.

"Wewe ukiona kilima tu unapandwa na mori. Utawaua watu."

"Nitashika mwendo."

"Mwendo haushikwi kwa miguu, mke wangu. Unashikwa hapa." Akajigonga kifuani, kisha akaendelea kula viazi.

Siku yenyewe ya kuzaliwa alininunulia koti la mvua. Zuri, sikatai, lina mistari inayong'aa mgongoni, ingawa nyuma yangu ndipo walipo watu wengine thelathini na wanane wenye macho yao. Nilimshukuru, nikaingia bafuni, nikafungulia bomba na kulia. Sioni haya kulisema. Mtu wa miaka sabini ana haki ya kulilia kitu kidogo, maana vikubwa vimeshapita.

Basi Juni ikafika, na ikafika na upepo. Tambarare yetu ya Beauce ni ngano mpaka macho yachoke, hakuna mti wa kukukinga. Upepo wa magharibi ukiamua kukupiga, unakupiga mpaka uombe msamaha. Tuliondoka wawili wawili kama kawaida, Aimé mbele, mimi nyuma yake, na pembeni yangu rafiki yangu Mireille, aliyekuwa msusi mpaka alipostaafu na ambaye hajawahi kuacha kuongea tangu hapo. Nyuma yetu alikuwa Gaëtan Pruvot, katibu wa chama, mtu anayezijua kanuni zetu kwa moyo na kuzipenda kuliko anavyompenda mkewe. Mkewe ndiye aliyeniambia.

"Shoga," Mireille akaninong'oneza tulipoanza kuukata upepo, "mzee wako leo ana nini? Mbona mabega yanayumba?"

"Anasikiliza muziki kichwani."

"Muziki gani wa kuyumba hivyo? Mtazame."

"Nimemtazama miaka thelathini na moja, Mireille. Ukitaka tubadilishane nafasi sema."

Sikumjali. Nilikuwa bado nimemnunia kwa ajili ya lile koti. Tena makalio hayasemi kitu. Mtu anaweza kuwa anakufa huko mbele, makalio yake yakawa yaleyale.

Kila Juni chakula cha mchana tunakula kwa Huguette, mwenye mgahawa kijiji cha Saint-Loup-des-Orges. Huguette anapika nyama ya ng'ombe kwa divai nyekundu tangu alfajiri, jibini anazitoa nje ya friji mapema zilainike, na saa nane kamili anafunga jiko, awe nani, atoke wapi. Kufika kwake ni rahisi. Kwenye njia panda yenye ghala kubwa la nafaka unakata kulia. Mtoto mdogo anaijua. Mimi naijua zaidi, maana shangazi yangu aliolewa huko.

Tulipofika kwenye ghala, Aimé alinyoosha mkono wa kushoto.

Nilidhani anajinyoosha tu. Lakini akakata kushoto, mkono ungali hewani, na mimi nikakata nyuma yake.

"Solange," akasema Mireille. "Kushoto?"

"Nahodha kanyoosha kushoto."

"Huguette yuko kulia!"

"Najua."

"Si umwambie!"

"Mwambie wewe."

"Mimi si mkewe."

"Una bahati. Mimi niliomba filimbi nikanunuliwa koti la mvua. Leo sina cha kumwambia nahodha."

Mireille akageuza shingo. "Gaëtan! Tumepotea!"

"Naona," akajibu Gaëtan, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Lakini kanuni iko wazi. Nahodha hasahihishwi akiwa mwendoni. Anasahihishwa kwenye mkutano wa Novemba."

Basi tukaenda, watu arobaini tuliosoma, miongoni mwetu walimu wawili wa jiografia, tukiipa mgongo nyama ya Huguette huku kila mmoja akijua. Na kwa kweli njia ilikuwa tamu. Upepo ulituhamia mgongoni, barabara ikaanza kuteremka kuelekea mtoni, baiskeli zikataka kukimbia zenyewe. Lakini nahodha yuko kwenye ishirini na mbili na nusu, na nahodha hapitwi, kwa hiyo tuliushuka mteremko mzima tumekaba breki. Zililia mpaka ng'ombe wakaacha kula.

Lami ikaisha. Ikaja changarawe. Changarawe nayo ikaisha kwenye ua wa shamba, ambako bata bukini saba walitupokea kwa matusi. Mzee mmoja mwenye gambuti akatoka zizini akatuangalia kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na ilimchukua muda.

"Mnauza nini?" akauliza.

"Tunatafuta chakula cha mchana," akasema Gaëtan.

"Wote hawa? Mke wangu kapika supu ya wawili."

Mimi nilikuwa nimeshashuka. Tangu pale ghalani nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Aimé, na yalikuwa yamepangika vizuri, ya kuuma, na koti la mvua lilikuwemo mara tatu. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa hori la ng'ombe, kanipa mgongo. Nikalizunguka hori nikasimama mbele yake.

Sikuitambua sura niliyoiona. Ilikuwa ya kijivu, chumvi ya jasho imemkaukia kwenye nyusi, midomo imepauka, kidevu kinamtetemeka kidogo na yeye anakizuia kwa mkono ajifanye anafikiri. Mume wangu ninayekula naye kila siku. Nilitambua kitu ambacho mpumbavu yeyote angekitambua miaka mingi iliyopita, kwamba sikuwahi hata siku moja kumwona usoni akiwa kazini.

"Umepotea?" nikamuuliza taratibu.

"Sijapotea."

"Umeisahau njia ya kwa Huguette?"

"Naijua kama kitanda changu."

"Sasa?"

Akamfukuza bata bukini mmoja kwa kiatu.

"Kushoto hakukuwa na upepo, Solange."

Nikakaa pembeni yake kwenye hori. Lilikuwa limelowa, sikujali.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule goti liliponisumbua. Kila Juni nasema huu wa mwisho. Halafu wananipigia makofi uwanjani, basi najikaza tena."

"Na mimi nilikuomba filimbi! Nilikuomba kwa mdomo wangu, Aimé, ukanipa koti la mvua!"

"Uliomba ghafla. Sikujua niseme vipi ndiyo bila wewe kuona jinsi nilivyofurahi." Akajifuta pua. "Wangesema mzee kachoka."

"Mzee kachoka."

"Ndiyo," akasema. "Kachoka sana."

Nilimwonea huruma, na wakati huohuo ningeweza kumtumbukiza ndani ya lile hori. Ndoa ndivyo ilivyo. Akaivua filimbi shingoni, akaifuta mate kwenye fulana yake, akanivalisha.

Gaëtan akaja mbio. "Samahani, lakini kwa mujibu wa kanuni, nahodha habadilishwi ila kwa..."

"Gaëtan," akasema Mireille, "Huguette anafunga jiko saa nane."

Gaëtan akaitazama saa yake. Kanuni ambayo babu zetu waliilinda wakati wa vita ilirekebishwa palepale mbele ya bata bukini saba, bila pingamizi.

Nikapuliza, tukaondoka. Hatimaye nilikuwa mbele.

Sasa niwaambie nilichokiona, maana nimekisubiri miaka thelathini na moja. Sikuona kitu. Mteremko tulioushuka kwa breki ulikuwa umegeuka kilima, na juu yake upepo ulinisubiri kama mtu anayenidai. Macho yalinitoka machozi, pua ikafuata. Nilimeza mdudu. Barabara niliyoililia bafuni ilikuwa kipande cha lami ya kijivu, ndefu, isiyo na huruma wala habari nami, na juu yake nilitakiwa kushika ishirini na mbili na nusu, si zaidi, si pungufu. Nilielewa kwa nini mabega yake yaliyumba. Yangu yalikuwa yanayumba vilevile, na sikuwa nasikiliza muziki wowote.

Na nyuma yangu nikasikia kicheko. Alikuwa Aimé. Mtu ambaye kwenye baiskeli hajawahi kutamka neno zaidi ya "shimo" na "gari", alikuwa anapiga soga.

"Kumbe huku nyuma mnakaa hivi?"

"Hivihivi, mzee wangu," akasema Mireille.

"Miaka yote! Hakuna upepo kabisa! Ni kama sebuleni!"

"Na mandhari je?"

"Mandhari," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza naiona vizuri."

Wakacheka mpaka mstari wa mwisho. Nikaona haya usoni, miaka sabini yangu hii, na nikakanyaga pedali kwa nguvu kidogo kuliko kanuni inavyoruhusu.

Tulifika Saint-Loup jiko likiwa linafungwa. Huguette alisimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani, aproni imechafuka kwa divai. Nyuma yake harufu ya ile nyama ilitoka mpaka barabarani kututesa.

"Nimepika tangu alfajiri," akasema. "Nyama imesubiri mpaka imekata tamaa. Nani nahodha?"

Wote wakaitazama filimbi kifuani pangu.

Huguette akaiona. "Aha," akasema, polepole, kwa raha. "Kwa hiyo ni wewe Solange. Miaka yote Aimé anawaleta kwa wakati, siku ya kwanza tu akikupa wewe, unawapoteza."

Nilijua hapohapo kwamba maneno hayo yatakuwa Villegrain kabla yetu. Yatakuwa kwa mwoka mikate na kwa muuza magazeti, na yataishi kuliko mimi. Solange alipewa filimbi, Solange akawapoteza, wanawake bwana. Gaëtan alifungua mdomo, akakumbuka kwamba nahodha hasahihishwi akiwa mwendoni, akaufunga. Mireille alinikazia macho mpaka nikahisi ananifinya. Neno moja tu lingetosha kuniokoa.

"Ndiyo, ni mimi," nikasema. "Nilikata kushoto."

Nikasikia baiskeli ikisogea nyuma yangu, changarawe ikilia. Aimé alikuwa anajipenyeza ubavuni mwangu, anakuja mbele, uso umemwiva, mdomo ameshaufungua ili aseme.

Nikapuliza filimbi.

Akarudi nyuma.