Picha ya Shukrani ya Melitón

Tangu Melitón, mtoto wa miaka tisa, apigwe teke kichwani na nyumbu wao wa kubebea mizigo, nyumbani kwao hakuna aliyethubutu hata kukohoa kwa nguvu. Redio ilihamishiwa kwa jirani. Jogoo aliliwa, maana hakuelewa mambo ya kunong'ona. Tranquilino, baba mtu, siku hizi alikula jioni kwa kaka yake, akidai kwamba huko maharagwe yanaiva vizuri zaidi. Na mji mzima uliwaita watu wenye bahati.

Kwani mtoto hakuzinduka? Alilala hospitalini hajitambui, madaktari wakakata tamaa, na Eduviges, mama yake, akapiga magoti kumwomba Bikira amrudishie mwanawe akitembea kwa miguu yake. Akaahidi picha ya shukrani, ile ya kuchorwa kwenye bati na kutundikwa kanisani siku ya sikukuu, kama wafanyavyo wote waliotendewa muujiza. Bikira akatimiza neno kwa neno. Melitón akarudi akitembea. Ila yule mpole aliyekuwa akiwaimbia mbuzi hakurudi. Aliyerudi alirusha sahani, alipiga mayowe kila aliposikia kelele hata ndogo, na alimwambia kila mtu lolote lililomjia mdomoni.

"Kosa ni lako," alisema Bibi Refugio, mama mkwe. "Uliomba miguu. Nani alikukataza kutaja na kichwa?"

"Nilikuwa na haraka, mama."

Wageni nao hawakukauka. Walikuja na vichanga vyao viguse kovu la muujiza, vichanga vikalia, muujiza ukapandwa na hasira. Mke wa mwoka mikate aliambiwa kwamba ananuka kikwapa. Akatoka akibubujikwa na machozi ya furaha, akisema kijana anaona yaliyositirika.

Picha ilikuwa karibu kumalizika kwa Mzee Plutarco mchoraji. Yalibaki maneno ya chini, na kila Eduviges alipokwenda kuyasema, aligeuza njia akarudi nyumbani. Hakuwa na shukrani. Alikuwa na hasira, na aliionea aibu.

"Ahadi isipotimizwa, Bikira atamchukua tena," Bibi Refugio alimwonya. Eduviges akajikuta anajiuliza kama hilo lingekuwa baya sana. Alijizaba kofi, akaenda kusonga unga.

Siku moja kabla ya sikukuu alikwenda kwa mchoraji na Melitón, kwa kuwa hakuna aliyekubali kubaki naye. Bati lilikuwa limeegemezwa ukutani. Pale mchoroni mama alipiga magoti kando ya kitanda, machozi yakimtiririka, na juu ya kitanda aliketi mvulana aliyechorwa kutoka picha ya zamani, nywele zimechanwa, anatabasamu.

"Niandike amepona kabisa?" aliuliza Mzee Plutarco. "Wote huandika hivyo. Hata yule mwenye mguu wa mti."

Melitón alikuwa amelisogelea bati. "Huyu nani?"

"Ni wewe, baba," alisema Eduviges.

"Siyo mimi. Anachekelea nini?" Akaweka kidole kwenye machozi, rangi ikamshika. "Huyu anayelia ni wewe. Unamlilia huyo. Mimi hujawahi kunililia."

Alisema bila uchungu wowote, kama alivyosema habari za kikwapa.

Eduviges akakaa kwenye kiti kilichojaa rangi, na sketi yake safi. Kila usiku alimwombolezea mtoto mmoja, na asubuhi akamlisha mwingine kwa uso wa mtu anayelisha mgeni aliyezidisha siku.

"Mzee, mfute huyo."

"Nimfute? Mama, huyo ndiye muujiza wenyewe. Tabasamu hilo limenimalizia wiki nzima."

"Mfute. Mchore huyu, na kovu lake. Na usimchekeshe."

"Na maneno?"

"Andika: Asante kwa huyu."

Mzee alitikisa kichwa, akaloweka kitambaa, akaanza na tabasamu. Eduviges alimwangalia mwanawe wa zamani akifutika hadi bati likang'aa tupu. Kengele za kanisa zikaanza. Melitón akaanguka sakafuni akipiga mayowe, naye Eduviges akashuka chini, akamkumbatia na kumziba masikio kwa viganja vyake, akilia.

"Mdomo wako unanuka vitunguu," Melitón alisema kengele ziliponyamaza.

"Najua, baba," alisema, wala hakumwachia.